Kapteni Looff na Maji ya Kilombero

Ninavyo vitabu vitatu ambavyo nimevisoma zaidi ya mara moja, navyo vyote vinahusu habari ya mtu mmoja. Cha kwanza amekiandika mwenyewe, Max Looff, kapteni wa manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg. Kilitoka Berlin mwaka 1929, na jina lake, tukilifasiri kwa lugha yetu, ni Safari ya Manowari na Vita vya Porini. Hicho nilikisoma polepole, nikisaidiwa na mtu aliyejifunza Kijerumani misheni. Cha pili ni cha Edwin Hoyt, Mmarekani, kilichotoka mwaka 1968, naye amekipa jina lenye majivuno kidogo: Wajerumani Ambao Hawakushindwa Kamwe. Cha tatu ni riwaya ya Wilbur Smith, Shout at the Devil, ya mwaka huo huo wa 1968, ambayo mwaka 1976 ilifanywa filamu. Humo manowari imebadilishwa jina ikaitwa Blücher, na kapteni naye amepewa jina jingine, lakini ye yote aliyesikia habari za Rufiji anaitambua tangu kurasa za mwanzo.

Nataka kuvisema vitabu hivi, na kwa kufanya hivyo nimseme huyo Looff, kwa sababu naona kwamba kazi yake ya ubaharia imepimwa kwa mizani isiyo kamili. Ndugu msomaji ataniuliza, mtu wa Kisawasawa ana nini na manowari? Swali ni la haki. Sisi tuko bara, chini ya milima ya Udzungwa, kando ya barabara iendayo Ifakara kutoka Mikumi. Bahari wengi wetu tumeiona ukubwani. Lakini vijito vinavyoteremka Udzungwa na kupita katika mashamba yetu ya mpunga vinaingia Kilombero, na Kilombero ukikutana na Luwegu ndipo mto unapoitwa Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka katika bonde letu. Siku hizi yanasimama kwanza katika bwawa la Julius Nyerere kabla ya kuendelea kwenda Utete na delta. Mwaka 1914 hayakuwa na pa kusimama. Yalikwenda moja kwa moja hadi kwenye mikoko, na katika maji hayo ndimo Looff alimojificha kwa karibu miezi kumi. Kwa hiyo najiona nina neno.

Looff alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Wajerumani na baada ya vita ukarudi Ufaransa. Alikabidhiwa Königsberg katika Aprili ya mwaka 1914, na mwezi Juni akaingia nayo Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 40. Manowari yenyewe haikuwa kubwa kama zile za vita vikubwa vya baharini, bali ilikuwa na mbio: iliweza kwenda maili 24 za baharini kwa saa, ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5, na watu wake walikuwa 322. Kwa bandari ya Dar es Salaam ya siku zile ilikuwa ajabu. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwanzoni mwa mwaka, serikali ya Kijerumani ilikuwa inajiandaa kwa maonyesho makubwa mwezi Agosti, na chombo hiki kilikuja kuonyesha nguvu za Kaizari. Watu wa mjini walikitazama, wakahesabu dohani zake, wakakiita "manowari na bomba tatu".

Jina hilo limo karibu katika kila kitabu kinachoitaja Königsberg, na nitalirudia baadaye. Kwa sasa tuangalie sifa za kapteni.

Sifa ya kwanza ni kwamba alitoka bandarini kwa wakati. Tarehe 31 Julai 1914 aliondoka Dar es Salaam, akawatoroka Waingereza waliokuja kumvizia nje ya bandari, maana vyombo vyao vilikuwa vikuukuu na havikuweza kumfukuza. Hapo naungana na wanaomsifu. Siku chache baadaye mtego ulifungwa nyuma yake, na waliofunga walikuwa Wajerumani wenyewe: walizamisha chelezo kikubwa cha kutengenezea meli katika mlango wa bandari ili adui asiingie, na kwa hiyo hata yeye asingeweza kurudi. Tangu siku ile Looff alikuwa baharia asiye na bandari.

Sifa ya pili haina uzito huo. Tarehe 6 Agosti, karibu na Oman, aliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester iliyokuwa imejaa majani ya chai. Ilikuwa meli ya kwanza ya biashara ya Waingereza kukamatwa katika vita ile, na kwa hiyo inatajwa kila mahali. Kisichosisitizwa ni kwamba ilikuwa ya kwanza na ya mwisho kwake. Manowari iliyotumwa kuwinda meli za biashara katika Bahari ya Hindi ilizamisha moja tu. Sababu ni makaa ya mawe. Injini zile zilikula makaa kwa tani nyingi, na Waingereza walihakikisha kwamba hakuna bandari itakayomuuzia. Mwindaji akawa kama gari lililoishiwa mafuta njia ya porini, anasubiri mpita njia.

Sifa ya tatu ndiyo iliyompa jina: Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914. Alfajiri ya Jumapili ile Königsberg ilitokea mbele ya mji na kuifyatulia mizinga manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo ilikuwa imetia nanga kwa matengenezo ya mitambo yake. Mizinga ya Pegasus haikufika mbali kama ya adui. Risasi zake zilianguka majini. Haikuchukua saa moja. Mabaharia 38 wa Kiingereza walikufa, na baadhi yao wamezikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji, ambako makaburi yao yapo hata leo. Hoyt analisimulia tukio hili kama ushindi wa kishujaa. Mimi nasema lilikuwa tendo la kijeshi lililopangwa vizuri, na lisifiwe kwa mpango wake. Lakini kumpiga mtu aliyelala, aliyefungua mitambo yake kuirekebisha, naye huku nyuma ana mkono mfupi, hakutufundishi lo lote juu ya ushujaa wa mpigaji. Kama sifa za Looff zingeishia hapo, zisingetosha kujaza kitabu.

Kinachojaza kitabu ni Rufiji. Ndiyo maana nashangaa kwamba Looff, alipokipa kitabu chake jina, alitaja safari ya baharini na vita vya porini, na kile kipande cha katikati, ile miezi kumi ya mikokoni, akakiruka katika jina. Nafikiri nafahamu kwa nini. Afisa wa bahari hafurahi kukumbukwa kama mtu aliyejificha. Lakini kwa maoni yangu pale ndipo alipokuwa hodari kuliko mahali pengine po pote.

Tangu mwanzo wa Septemba alikuwa ameichagua delta. Wajerumani walikuwa wameipima midomo ya Rufiji kwa meli yao ya upimaji, Möwe, na ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba chombo kikubwa kingeweza kuingia. Looff aliingia na maji yalipojaa, akapanda juu hadi Salale, akafunika milingoti kwa matawi, akaweka watu na mizinga midogo katika midomo ya mto. Baada ya Zanzibar alirudi pale pale, kwa sababu kiungo kimoja cha injini kilivunjika. Waingereza walimtafuta mwezi mzima bila kumwona. Siri ilitoka kwa karatasi: walipopekua meli moja ya Kijerumani huko Lindi walikuta hati zilizoonyesha kwamba makaa yamepelekwa Salale. Mwisho wa Oktoba manowari Chatham ikaiona milingoti yake juu ya mikoko.

Kisha ikaanza kazi ngumu ya kumtoa. Waingereza walizamisha meli iliyojaa mawe ili kuziba mlango. Haikusaidia, kwani delta ina midomo mingi. Walileta ndege, wakati ambapo ndege zilikuwa bado vitu vya majaribio, na joto letu likaziachanisha gundi na turubai. Waliteka kisiwa cha Mafia mwezi Januari 1915 wapate mahali pa kuzirushia. Mwisho walileta manowari mbili bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimetengenezwa kwa ajili ya Brazili, zitumike katika mto Amazoni; hizo hazikuzama sana majini na ziliweza kupanda mtoni. Fikiri, ndugu msomaji: vyombo vilivyokusudiwa Amazoni vikaburutwa kutoka Malta kupitia Suez hadi Rufiji, kwa ajili ya chombo kimoja ambacho hakikuwa tena na uwezo wa kwenda po pote. Tarehe 6 Julai 1915 zilishindwa. Tarehe 11 Julai, ndege ikiwaonyesha wapiga mizinga risasi zinapoangukia, zilifaulu. Looff alijeruhiwa, akaamuru manowari yake ilipuliwe izame, nayo ikakaa topeni.

Hayo ndiyo maisha ya baharini ya kapteni huyu: mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi tangu afike Dar es Salaam, meli moja ya chai, manowari moja iliyotia nanga, na miezi kumi ya kungoja. Naona kungoja huko ndiko kulikowagharimu Waingereza zaidi. Manowari zao tatu mpya na nyingine kadhaa zilizuiliwa hapo mlangoni wakati zilihitajika kwingine. Kwa kipimo hicho Looff alikuwa afisa mwema: alijua kwamba hawezi kushinda, akafanya kushindwa kwake kuwe ghali. Hoyt analiona hili na analieleza vizuri. Sura zake za delta ndizo bora katika vitabu vyote vitatu. Anajua mbu, homa, chakula kuisha, na mabaharia kukonda. Kwa hayo namshukuru.

Lakini sasa nije kwenye lile linalonikera, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kiungo cha injini kilivunjika. Kilitengenezwa wapi? Katika karakana za Dar es Salaam. Kilifikaje Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia moja, hakuna reli, hakuna barabara ya magari, na baharini kuna adui? Kiliburutwa na watu. Vyuma vya injini ya manowari viliwekwa juu ya magogo na vitelezi, vikavutwa kwa kamba na mamia ya watu katika mchanga, matope na vichaka, vikatengenezwa, na kuvutwa tena kurudi. Vitabu vyote vinavyoeleza jambo hili vinalieleza kama ushahidi wa uthabiti wa Looff. "Kapteni akapeleka vyuma Dar es Salaam." Kitenzi ni chake. Katika Kiswahili mwenye kupeleka mzigo ni yule mwenye mzigo kichwani. Aliyebaki kivulini ametuma. Sijui kama katika lugha zao tofauti hii haina uzito, lakini mimi nikisoma sentensi kama hiyo naona mahali palipo na shimo.

Shimo hilo linazidi kupanuka baada ya manowari kuzama. Mizinga yote 10 ilitolewa majini, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, ikawa mizinga ya nchi kavu ya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Hapo ndipo mwandishi wa kila kitabu anaposhangilia: manowari imekufa, mizinga yake inaishi! Nayo iliishi kweli, ikavutwa huku na huko kwa karibu miaka miwili na zaidi. Mzinga wa manowari ulikusudiwa kufungwa juu ya chuma na kubebwa na maji. Uzito wake unahesabiwa kwa tani. Juu ya ardhi hauna wa kuubeba ila watu, na kila risasi yake nayo ina mtu wake wa kuibeba, na kila mbebaji ana mtu wa kumbebea chakula. Ukitaka kujua gharama ya mzinga mmoja wa Königsberg, usianze na ngapi ziliangushwa. Anza na watu wangapi walilazimika kuacha mashamba.

Hapa bonde letu linaingia katika hadithi kwa njia nyingine, si kwa maji tu. Katika miaka ya 1916 na 1917, Wajerumani waliporudi nyuma kutoka kaskazini na Iringa, Mahenge ikawa ngome yao na mpunga wa Kilombero ukawa chakula chao. Wabelgiji waliuchukua mji wa Mahenge mwezi Oktoba 1917. Majeshi yote yaliyopita hapa, ya kila upande, yalikula hapa na yaliondoka na wapagazi wa hapa. Baba yake bibi yangu, Mndamba, alichukuliwa na mdogo wake kubeba mpunga kwenda juu Mahenge. Yeye alirudi. Bibi alipotusimulia hakutaja jina la jenerali ye yote. Alisema baba yake alipokuwa mzee hakukubali mtoto wa nyumba yake abebeshwe gunia kichwani mbele ya macho yake. Alikuwa anaondoka mahali pale kimya, na chakula cha usiku hakukila. Habari za mdogo wake zilikuwa neno moja tu: "alibaki njiani." Kwa vijana wa leo neno hilo huenda likamaanisha kuchelewa.

Waingereza wenyewe walikubali kwamba wapagazi wao waliokufa katika vita ile walizidi 40,000, na wanahistoria wengi wanaona kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Upande wa Wajerumani wapagazi hawakuwekewa hesabu ya namna hiyo. Mabaharia wa Looff tunawajua: 322. Ndiyo tofauti kati ya mtu aliyeandikwa katika daftari na mtu aliyekamatwa kijijini.

Wilbur Smith, kwa ajabu, ndiye pekee aliyeona kwamba kuburuta ni hadithi yenyewe. Katika riwaya yake wamo Waafrika wanaolazimishwa kusafirisha mabamba ya chuma kwenda kuitengeneza manowari Rufiji. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliketi vizuri, nikasema huyu ameona. Lakini baada ya kurasa chache nikafahamu kwamba mabamba yapo ili mashujaa wake, Mmarekani mwindaji haramu wa tembo na Mwingereza kijana, wapate kitu cha kuharibu, na wavutaji wapo ili tucheke au tuhurumie kidogo kisha tuendelee. Mjerumani wake mnene na mkatili ni kikaragosi. Waafrika wake wanakufa kwa wingi bila sisi kusimama. Ni kitabu chenye mbio, nakubali, na filamu yake niliiangalia mpaka mwisho. Lakini mwandishi aliyeiona kazi ile kisha akaigeuza kichekesho amenisikitisha kuliko yule ambaye hakuiona kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna hata mmoja wa hawa watatu aliyelitazama inavyostahili, nalo ni historia ya maji yale kabla ya Looff. Königsberg ilishushwa majini kwa mara ya kwanza huko Kiel tarehe 12 Desemba 1905. Mwezi huo huo vita ya Maji Maji ilikuwa inaendelea huku kwetu. Mwezi Agosti wa mwaka ule Wapogoro na Wambunga walikuwa wameishambulia boma ya Mahenge na kukatwa na bunduki za rashasha. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyetoa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro, mahali ambapo si mbali na delta. Mabaharia wa manowari za Kijerumani waliteremshwa pwani kusaidia kuizima vita. Kisha ikaja njaa, na wanahistoria wa leo wanataja watu 200,000, wengine hata 300,000, waliokufa, wengi wao kwa njaa hiyo. Wajerumani waliwacheka sana watu walioamini kwamba maji ya Rufiji yatawakinga na risasi. Miaka tisa baadaye, kapteni wa Kaizari alikimbilia maji hayo hayo akitafuta kinga na risasi za Waingereza, na akasifiwa kwa busara. Sisemi kwamba mambo haya mawili ni sawa. Kina cha maji kilimlinda kweli kwa muda. Nasema tu kwamba mtu anayeandika juu ya Rufiji ya mwaka 1914 bila kutaja Rufiji ya mwaka 1905 amemwonyesha msomaji mto usio na watu. Wale walioburuta vyuma vya Looff walikuwa watu waliotoka katika njaa ile, au watoto wao. Walikuwa wanajua tayari kinachompata anayekataa.

Sasa nilirudie lile jina, "manowari na bomba tatu". Waandishi wanalipenda kwa sababu linapendeza masikioni, ni kama pambo. Kwangu mimi ni ushahidi. Katika kurasa mamia juu ya kapteni huyu, hayo ndiyo maneno machache ambayo watu wa nchi wanayasema kwa ulimi wao. Nayo ni maneno ya mtu aliyesimama ufukoni akahesabu. Hakusema "manowari ya Kaizari", hakusema "manowari yenye nguvu". Alitaja kile kinachoonekana, tatu, kama mtu anayeandikisha mali. Hata neno manowari lenyewe tulilichukua kwa Waingereza tukalifanya letu kabla Looff hajafika. Waandishi wetu watatu wangemfuata mtu huyu wa ufukoni, wakamwuliza ameona nini kingine, vitabu vyao vingekuwa vingine kabisa. Wamechukua jina, wakamwacha yeye.

Baada ya Rufiji kazi ya Looff inakuwa ya nchi kavu, na hapa sina mengi. Alikuwa msimamizi wa ulinzi wa Dar es Salaam, mji ambao Waingereza waliuingia tarehe 4 Septemba 1916. Alikwenda kusini akapigana na Wareno huko Newala mwishoni mwa mwaka ule. Yeye na von Lettow-Vorbeck hawakupatana. Kila mmoja alikuwa na cheo kikubwa na kila mmoja alifahamu hivyo. Mwezi Novemba 1917, Lettow alipoamua kuvuka Ruvuma na wale walioweza kutembea tu, aliwaacha wagonjwa na majeruhi mamia huko Nambindinga, na Looff akawa miongoni mwa walioachwa, akatekwa. Alirudi Ujerumani vita ilipokwisha, akastaafu na cheo cha admirali, akafa mwaka 1954.

Katika Nambindinga hiyo naona kitu ambacho Hoyt anakipita haraka mno, pengine kwa sababu kinalipinga jina la kitabu chake. Yule aliyeitwa asiyeshindwa kamwe alikuwa ameachwa njiani na jenerali wake mwenyewe, pamoja na wasioweza kutembea. Kwa siku ile moja alionja kidogo kile ambacho wapagazi walikuwa wamekionja kwa miaka mitatu. Tofauti ni kwamba yeye aliokotwa, akatibiwa, akaandika kitabu.

Nisieleweke vibaya. Simchukii Looff. Hakuwa kati ya wale maafisa waliojipatia jina kwa ukatili, na akili yake katika delta naiheshimu. Kuna maafisa wa bahari wa zama zile waliopata nishani zaidi kwa kufikiri kidogo. Ninachokataa ni hesabu. Kazi ya afisa inapoandikwa, tunaandikiwa vyeo alivyopanda, nishani alizotundikiwa, vyombo alivyozamisha. Looff akihesabiwa hivyo anatoka mdogo, na ndiyo maana watetezi wake wanalazimika kuikuza Zanzibar kuliko ilivyokuwa. Akihesabiwa kwa yale yaliyowezekana kwa mikono ya wengine, anatoka mkubwa zaidi, ila si yeye peke yake anayekua. Hapo ndipo waandishi wanapoogopa.

Mabaki ya manowari yalikatwa vyuma chakavu kidogo kidogo, na sehemu ziliendelea kuonekana juu ya maji mpaka miaka ya 1960. Mzinga mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Dar es Salaam kuna sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi pia, ingawa aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Kariakoo nayo ilipata jina lake kwa kikosi cha wachukuzi wa Waingereza, na wengi wanaonunua nyanya pale hawana habari.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, asianze na riwaya. Aanze na Hoyt, kwa kuwa anaeleza vizuri na hachoshi, kisha kama ana Kijerumani au ana rafiki mwenye Kijerumani amsome Looff mwenyewe. Lakini asome na penseli mkononi. Kila anapokuta kwamba kitu kizito "kilipelekwa", "kilifika" au "kilihamishwa", aweke alama pembeni. Mimi kitabu changu cha Hoyt sasa kina alama nyingi hata kukiazimisha naona haya.